Vidole Vifupi, Kodi Pana

Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Wasikilizaji wengi wa "Masanga", wimbo ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, huapa kwamba wanasikia magitaa mawili. Gitaa ni moja. Gumba linatembea na besi, kidole cha shahada kinajibu kwenye nyuzi nyembamba, na katikati yao mdundo unajaa mpaka sikio linaamini kuna mpigaji wa pili.

Nimeanza na mkono wa kulia kwa makusudi. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza gitaa kavu huja wakiulalamikia mkono wa kushoto. Kodi, zile sauti kadhaa zinazobanwa pamoja, zimewashinda, wanasema. Vidole vyao ni vifupi, havifiki. Wananyoosha kiganja hewani wanioneshe kidole cha mwisho kilivyo kidogo, na wengine wamekwisha kujihukumu kwamba Mungu hakuwaumba kwa ajili ya gitaa. Ninachoamini, baada ya kupiga na kufundisha kwa miaka mingi, ni kwamba kodi pana huwa ngumu pale mkono wa kushoto unapofanya kazi bila kujua wa kulia unafanya nini. Mikono hiyo ikianza kusikilizana, sehemu kubwa ya ugumu huondoka, na sehemu inayobaki ina dawa.

Nilikulia Tabora, mji wa reli, katika miaka ambayo bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz bado zilitajwa barazani kila jioni. Magitaa ya umeme yalikuwa mali ya bendi, na kijana wa mtaani hakuyagusa. Sisi tulikuwa na gitaa kavu, galatoni kama wazee walivyoliita, lenye nyuzi za chuma zilizoinuka juu ya shingo kiasi kwamba penseli ingepita chini yake. Moja la namna hiyo lilizunguka nyumba kadhaa za mtaa wetu, na zamu ilipofika kwangu sikulala mapema.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa na kitabu cha michoro: mistari sita ya kusimama ya nyuzi, mistari ya kulala ya freti, vile vyuma vya shingoni, na vitone vyeusi vya kuonyesha kila kidole kikae wapi. Alikiamini sana. Kwake kodi ya F ilikuwa na sura moja: kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, cha kati kibane uzi wa tatu kwenye freti ya pili, cha pete na cha mwisho vibane uzi wa tano na wa nne kwenye freti ya tatu. Nyuzi zote sita zilie. Mmoja ukikoroma, unarudia. Mkono wangu ulikuwa wa mtoto. Maumivu yalianzia chini ya gumba, yakapanda kwenye kifundo cha mkono, na usiku kikombe cha chai kilikuwa kizito. Mwalimu alisema maumivu ndiyo ada ya gitaa.

Kauli hiyo naipinga kila ninapopata nafasi, na hapa nimeipata. Ncha za vidole kuuma katika majuma ya mwanzo ni jambo la kawaida. Ngozi inakomaa na kero inaisha. Maumivu ya ndani, ya kano na viungo, hayakomazi chochote. Robert Schumann, Mjerumani ambaye tungo zake za piano zinapigwa mpaka leo, alitaka kwanza awe mpigaji wa jukwaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 kidole kimoja cha mkono wake wa kulia kikaacha kumtii, na ndoto hiyo ikafa. Waandishi wa maisha yake wanabishana hadi leo kuhusu chanzo, na wapo wanaokilaumu kifaa alichotumia kukilazimisha kidole. Kwangu inatosha kujua kwamba mwanamuziki mkubwa kiasi kile alipoteza mkono wa kupigia akiwa bado kijana. Mwanafunzi wangu akiniambia kifundo kinawaka, somo la siku hiyo limekwisha. Tunaweka gitaa chini, tunasikiliza santuri.

Aliyenitoa kwenye michoro ile ni mzee mmoja mstaafu wa reli aliyekaa nyumba chache kutoka kwetu. Ujana wake aliufanyia kazi Kigoma, ambako meli za Ziwa Tanganyika zilileta watu na bidhaa kutoka ng'ambo ya Kongo, na huko ndiko alikojifunza gitaa kwa Wakongo walioimba Kiswahili cha kwao. Alipiga jioni, akiwa amekaa kwenye kiti kifupi nje ya mlango, gitaa limeegemea kifuani. Vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, vya mtu aliyeshika vyuma maisha yake yote. Kama urefu wa vidole ndio ungeamua nani apige, yeye asingepiga kabisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nishikie F."

Nikashika yote, kama kitabu kilivyotaka. Akaniambia nipige mwendo alionifundisha juma lililotangulia: gumba kwenye uzi wa sita, shahada kwenye uzi wa pili, gumba kwenye uzi wa nne, shahada kwenye uzi wa kwanza. Nilipozunguka mara kadhaa akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Uzi wa tano umeupiga?"

"Hapana, babu."

"Sasa kidole chako kinafanya nini pale?"

Nikanyamaza.

"Kitoe. Kikipata kazi kitarudi."

Kwa maneno hayo machache F yangu ilipungukiwa na nusu ya uzito. Kidole kilichokuwa kikisulubika kwenye uzi wa tano kilikuwa hakitoi sauti yoyote inayosikika, kwa sababu mkono wa kulia haukuugusa uzi huo. Nilikuwa nalipia kitu ambacho hakuna aliyekinunua. Babu akaendelea: shahada haina haja ya kulala juu ya nyuzi sita, ibane wa kwanza na wa pili tu; cha kati uzi wa tatu; cha pete uzi wa nne; halafu gumba la kushoto lipitie juu ya shingo na kubana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, hapo besi ya F ilipo. Nikatazama mkono wangu. Kidole cha mwisho kilikuwa huru, kinaelea, kinasubiri kutumwa. Kwa mpigaji wa kudonoa nyuzi mojamoja, kidole hicho huru ni hazina, maana ndicho kitakachobeba melodi huku vingine vikishikilia kodi.

Walimu wa gitaa la klasiki hawapendi gumba lipite juu ya shingo. Wanataka likae nyuma, katikati, na sababu yao ni ya kweli: gumba likiwa nyuma kiganja kinafunguka, na vidole vinne vinafika mbali zaidi. Tena shingo ya gitaa la klasiki ina upana wa milimita 52 hivi kwenye kichwa chake, na gumba la kawaida haliwezi kuizunguka. Gitaa la nyuzi za chuma lina milimita 43 au 44, ndiyo maana mbinu ya babu inawezekana. Mimi nafundisha zote mbili. Kodi inayotaka besi ya uzi wa sita na melodi karibu yake, gumba lipande. Kodi inayotaka kutanua freti nne, gumba lishuke nyuma ya shingo, liwe mkabala na kidole cha kati, na kifundo cha mkono kinyooke. Anayeng'ang'ania njia moja kwa kila kodi anajinyima bure.

Na hapa tuangalie vipimo, kwa sababu watu wengi wanapambana na umbali wasioujua. Gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa milimita 650 lina freti ya kwanza yenye upana wa milimita 36.5. Ya tano ina milimita 29. Ya saba karibu 26, na ya kumi na mbili 19 na kidogo. Freti zinazidi kubanana kadiri unavyoelekea kwenye tumbo la gitaa. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaanzishwa mahali pagumu kuliko pote: F, G7 na wenzao wako kwenye freti pana kabisa, karibu na kichwa, ambako pia nyuzi zinabanika kwa shida. Kwa hiyo kodi mpya ya kutanua vidole naifundishia freti ya saba. Mkono ukiizoea pale, tunashuka freti moja, tunakaa siku chache, tunashuka nyingine. Vidole vinafika freti ya kwanza vikiwa vimekwisha kuijua njia.

Babu alikuwa na dawa nyingine ya tatizo hilohilo: kipande cha penseli na ukanda wa mpira wa baiskeli. Penseli iliwekwa juu ya nyuzi kwenye freti ya tatu, mpira ukaifunga nyuma ya shingo, na tayari ana kapo, kibano cha kufupisha nyuzi. Umbali kati ya freti ya kwanza na ya tatu, ambao bila kapo ni sentimeta 6.7, unakuwa sentimeta 5.6. Sentimeta moja na kidogo inaonekana haina maana mpaka uwe na mkono wa mtoto wa darasa la sita. Sauti ya gitaa inapanda, ndiyo, lakini waimbaji wengi hata hufurahi.

Nikirudi kwa Mwenda: alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, makao ya Wayeke. Hao walitoka Unyamwezi katika karne ya 19, Msiri akawa mtawala wao, kwa hiyo sisi wa Tabora, mji wa Unyamwezi, jina lake lingine, Mwenda wa Bayeke, hatukulisikia kama la mgeni. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na santuri zake zilivuka ziwa na mipaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa kwa muda Nairobi, mji ambao Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, naye alifanyia kazi. Wapiga gitaa wa Kenya wa wakati ule waliwasikiliza wote wawili kwa makini, huku magharibi ya nchi George Mukabi akijenga mtindo wake wa omutibo. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Simjui mwanamuziki mwingine wa lugha yetu ambaye gitaa lake moja limechunguzwa na wataalamu kwa uangalifu wa namna ile: David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, akiandika nota moja baada ya nyingine.

Kinachonigusa mimi katika muziki ule ni mpangilio wa wakati. Gumba na shahada vinapokezana. Mara nyingi sauti ya besi na sauti ya melodi hazianguki pamoja, moja inatangulia na nyingine inaingia katika nafasi iliyoachwa. Kwa msikilizaji hiyo ni raha ya mdundo. Kwa mkono wa kushoto ni ukombozi, kwa sababu kodi ambayo haipigwi yote kwa pamoja haina haja ya kushikwa yote kwa pamoja.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu, maana ndio uliobadilisha upigaji wangu. Uko kwenye F, na melodi inapanda kutoka F ya uzi wa kwanza, freti ya kwanza, inapita G kwenye freti ya tatu, inafika A kwenye freti ya tano. Hadi G hakuna tabu, kidole cha mwisho kile kilicho huru kinafika. A ndiyo inayoliza watu. Ukisema ushikilie besi ya F kwenye freti ya kwanza ya uzi wa sita huku kidole cha mwisho kikiwa freti ya tano ya uzi wa kwanza, unaomba mkono utanuke sentimeta 12.7 kwa urefu wa shingo, tena kwa mshazari, kutoka uzi mnene kabisa hadi mwembamba kabisa. Nimeona watu wazima wakijaribu mpaka jasho linawatoka.

Babu aliipiga bila kubadilisha uso. Nilimwomba arudie polepole, nikiinamia mkono wake wa kushoto mpaka nikausoma. Gumba la kulia lilipiga besi ya F, pigo la kwanza, na mkono wa kushoto ulikuwa umekaa chini, freti ya kwanza. Pigo la pili gumba lilihamia uzi wa nne, ambao kidole cha pete kilikuwa kimeubana kwenye freti ya tatu. Hapo napo ni F, F ya juu kidogo. Mara besi ya chini ilipokwisha kusema, gumba la kushoto na shahada viliachia, mkono wote ukasogea mbele ukizunguka kwenye kidole cha pete ambacho hakikuinuka, na kidole cha mwisho kikatua kwenye A. Kutoka freti ya tatu hadi ya tano ni sentimeta 6 tu. Sikio likasikia besi, likasikia F, likasikia A, likaunganisha lenyewe. Hakuna aliyeona kwamba sauti ya chini ilikuwa imekwisha kuachiwa.

Sentimeta 12.7 zikawa 6, na hakuna kidole kilichorefuka.

Tangu hapo kila kodi pana naiuliza maswali ya namna ileile. Sauti gani zinalia kweli? Zinalia kwa mfuatano gani? Ipi inatakiwa ibaki ikiimba wakati nyingine inaingia, na ipi imekwisha kumaliza kazi? G7 ya mwanzo wa shingo inajibika vivyo hivyo: G ya uzi wa sita freti ya tatu, na F ya uzi wa kwanza freti ya kwanza, ni ncha mbili zinazovuta mkono pande tofauti. Lakini gumba likishapiga besi na kuhamia uzi wa nne ulio wazi, kidole cha uzi wa sita hakidaiwi tena. Tena hata kutua hakupaswi kuwa kwa pamoja. Vitabu vinafundisha kodi idondoshwe yote mara moja, vidole vinne vikitua kwa mpigo. Kwa anayedonoa, kidole cha besi kitue kwanza kwa sababu besi inapigwa kwanza, na vingine vifuate kwa zamu ya kusikika. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna nusu sekunde, na kati ya gumba na shahada kuna robo sekunde. Robo sekunde ni muda wa kutosha kwa kidole kinachojua kiendako.

Ipo hoja dhidi yangu, na naiheshimu. Wapo wanaosema mtu akizoea kukata kona namna hii hatapata mkono kamili, na siku akihitaji kodi nzima, yenye nyuzi sita zinazoungurumishwa pamoja, atakwama. Ni kweli kwamba kodi nzima ina mahali pake, hasa unapomsindikiza mwimbaji au kwaya bila kudonoa. Nami nataka wanafunzi wangu waipate. Ila naiweka mwisho, mkono ukishapata nguvu kwa kupiga muziki unaoupenda. Na nimeshuhudia kwamba wengi huipata wakati huo bila vita. Waliolazimishwa kuanza nayo wengi niliwaona wakilitundika gitaa ukutani.

Tena mkono kamili si sharti. Django Reinhardt, mpigaji wa Ufaransa, aliungua mwaka 1928 katika moto wa nyumba yake ya magurudumu, na kidole cha pete na cha mwisho cha mkono wake wa kushoto havikunyooka tena sawasawa. Alizipanga upya kodi zake kulingana na mkono uliobaki, na solo akazipiga kwa vidole viwili. Mitindo mingi ya jazi ya gitaa barani Ulaya inatoka kwake. Mkono wake haukuwa na njia ya kufuata michoro, kwa hiyo akabaki na swali la msingi: sauti zipi lazima zisikike?

Swali hilo ndilo linalofungua pia kodi za jazi, zile zenye herufi na namba nyingi ambazo huwatisha wanafunzi. Chukua C9. Ina sauti tano: C, E, G, B iliyoshushwa, na D. G unaweza kuiacha, sikio halitaidai. Zilizobaki nne zinakaa vizuri kwenye freti mbili tu: uzi wa tano freti ya tatu, wa nne freti ya pili, wa tatu na wa pili freti ya tatu. Mwenye mkono mdogo anaishika akitabasamu.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti mwenye vidole vifupi kuliko vyangu, alikuja na hamu ya kupiga kwa gitaa kavu "Every Breath You Take", wimbo wa The Police wa mwaka 1983. Andy Summers, mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliupiga kwa kodi pana zinazojulikana kwa kutesa: A yake inaanza uzi wa sita freti ya tano, inapanda freti ya saba, inafika freti ya tisa kwenye uzi wa nne. Kwenye gitaa la binti huyo hizo zilikuwa sentimeta 10 kamili. Tulifanya mambo mawili. Kwanza tukaupandisha wimbo freti tatu, ambako umbo lilelile linachukua sentimeta 8.5, na sauti yake ya kuimba ikakaa mahali inapostarehe. Pili akajifunza kutuma vidole kwa zamu, maana wimbo ule hudonolewa uzi mmoja mmoja kutoka chini kwenda juu. Mama yake aliniletea machungwa.

Mengine ni ya ufundi na hayahitaji maneno mengi. Inua shingo ya gitaa. Likilala sambamba na sakafu kifundo cha mkono hulazimika kujikunja. Kiwiko kisibanwe ubavuni. Bana uzi karibu kabisa na chuma cha freti, kwa upande wa kichwa, na utashangaa nguvu kidogo inayotakiwa. Nyuzi zikiwa zimeinuka sana, mpelekee fundi azishushe kabla hujaulaumu mkono wako, na nunua seti inayoanza na uzi wa 0.010 badala ya 0.012. Hakuna sifa katika kuteswa na gitaa lililotengenezwa vibaya. Pumzika mara kwa mara.

Babu alifariki nikiwa nimekwisha kuhama Tabora. Hakuna aliyemrekodi. Ninachokumbuka cha mkono wake wa kushoto ni kile nilichokiona jioni zile nikiwa nimeinama, na najua yapo mambo aliyoyafanya ambayo sikuyaona. Hili ndilo pengo kubwa la gitaa letu kavu. Rekodi ya 1952 ilihifadhi sauti ya "Masanga" vizuri, lakini sauti haikuonyeshi kidole gani kilikaa wapi, kipi kiliachia mapema, gumba lilipita juu au lilibaki nyuma. Mwingereza John Low, aliyetaka kuipata mitindo ya Katanga, ilimbidi asafiri mpaka kule akae na wapigaji wenyewe, Mwenda akiwa mmojawapo, na kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1982. Alijua kwamba maarifa haya yanahamia kwa macho, mtu akiwa amekaa mbele ya mtu.

Wapigaji wa zamani bado wapo, Kigoma, Tabora, Kakamega, Lubumbashi, na katika mitaa ambayo hakuna anayeitaja. Wengi wamezeeka, na magitaa yao hayana nyuzi kamili. Wewe unayesoma haya na una simu mfukoni, mpelekee mmoja wao seti ya nyuzi mpya, mwombe ruhusa kwa adabu, kisha mrekodi akipiga polepole. Weka kamera upande wa mkono wa kushoto.